Urwagwa wa Wageni na Vidonge vya Muhire

Mpendwa Mama Béatha, nisaidie, mimi nimeshindwa. Mume wangu Muhire ni fundi magari hapa Gikondo, injini ilimwangukia ikamvunja mguu, hospitali wakamfunga plasta wakampa vidonge vya kodeini, na kweli vimemsaidia maana sasa anacheka, ila wageni wanaokuja kumpa pole jioni wanaleta urwagwa, ile pombe yetu ya ndizi, na unajua kwetu mwenye nyumba asipoonja kwanza hakuna mgeni atakayegusa pombe hiyo, basi anameza kidonge ili akae nao bila maumivu, halafu anaonja, na anaonja tena kila mgeni mpya akiingia na chupa yake, na juzi akalala katikati ya maneno, wageni wakacheka, mimi nikaona anapumua polepole mno, nikamtikisa, hakuamka upesi, na mama mkwe akaniambia, “Muache, iko nalala, dawa iko nafanya kazi.” Nikikataza pombe wataniita mchoyo, nikificha vidonge atalia kwa maumivu. Nifiche kipi? Naogopa heshima ya wageni itanifanya mjane.

Donatille, Gikondo

Donatille mwanangu, pole sana. Lakini na wewe, uliona mtu haamki ukabaki unawaza watu watakuitaje?

Vidonge usivifiche. Mguu uliovunjika unauma, na kodeini ni dawa nzuri ikimezwa kama muuguzi alivyoelekeza, bila kuongeza. Ila ni ya ukoo mmoja na mofini. Inalaza, na pombe nayo inalaza, na vikikutana mtu anaweza kulala hadi pumzi ikakatika. Akilala tena namna ile, awe amekunywa au hajanywa, usingoje ruhusa ya mama mkwe, mkimbizeni hospitali saa hiyohiyo. Mwili huizoea dawa hii ukaanza kuidai, kwa hiyo muulize muuguzi lini aiache, na vidonge vitakavyobaki mrudishie, usiwagawie wageni wanaoumwa migongo. Dawa hii hufunga choo pia, kikigoma ni maji mengi na papai.

Sasa urwagwa. Nani kakwambia nyumba yenu ina mwenyewe mmoja? Mpe mama mkwe kazi ya kuonja. Yeye ndiye aliyemzaa mwenye nyumba, hakuna mgeni atakayebisha, na nina hakika ataipenda kazi hiyo. Muhire anywe chai. Akinuna mwache anune, maana anayenuna anapumua.