Kaka, Barakoa ya Bosi Siiamini

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Nakuandikia hadharani makusudi ili na bosi asome, maana siku hizi ananichekea sana, na wewe unamjua, akicheka kuna kitu anataka. Anataka urudi. "Mwambie kaka yako aache alizeti huko Kondoa," kaniambia, "nimeshanunua barakoa mpya." Nawe nasikia umemjibu kwamba mikono imepona, unakuja. Simwamini hata mmoja wenu.

Unakumbuka meza yetu ya kwanza hapa karakana ya Nkuhungu? Ubao wa mninga, katikati tukamwaga resini, ile gundi ya maji inayoganda kama kioo, ya bluu kama mto, mteja wa Ipagala akaizunguka akiogopa hata kuigusa. Mimi nilikuwa nimeinamia ndoo natazama mapovu, ukanivuta kola. "Rudi nyuma wewe, kwani resini inakunong'oneza?" Ila mwenyewe ulikuwa unainama hivyo hivyo. Na jioni bosi anatuletea maziwa, ati yanaosha kifua. Karakana nzima iliyaamini maziwa yale kuliko dirisha. Nikakuuliza, "Tangu lini mapafu yakanywa maziwa?" Ulicheka mpaka yakakutoka puani, halafu ukamalizia na ya kwangu.

Glavu zilikuwa jozi moja kwa wote. Akivua huyu anavaa yule, resini iko mpaka ndani, inapikwa na jasho. Ukimaliza kazi unanawa kwa thina, ile ya kuyeyushia rangi, mpaka ngozi inakuwa nyeupe, unasema sasa safi. Safi wapi! Thina iliifungulia resini mlango. Vidole vikapasuka, macho yakavimba, majirani wakaanza kusema umepatwa na jicho la mtu. Mimi niliishuku ndoo. Daktari naye akasema mwili wako umeshaikataa resini, na hata ukipona, tone dogo tu linaweza kurudisha yote. Ukamwitikia "sawa", ile sawa yako ya kumfukuza mtu, ukaenda zako Kondoa kulima.

Basi nimeikagua hiyo barakoa mpya. Ni ile nyepesi ya vumbi, ya kuvaa ukipiga msasa. Nikaivaa, nikasogelea ndoo, harufu yote ndani.

"Bosi, hii inazuia vumbi, mvuke unapita. Tunataka ile ya mpira inayobana uso, yenye vichujio vya mvuke pembeni."

"Wewe uliyeishia kidato cha pili unajua nini?"

"Nilifeli mimi, bosi. Pua haikufanya mtihani."

Mafundi wakaangua kicheko, yeye akaniita mjuaji. Ni kweli, mimi ni mjuaji. Glavu nazo kaleta zile nyembamba za kukatia vitunguu. Nimeingiza kidole, kikatokea upande wa pili. Miwani hakuna kabisa. Nilipouliza, akaniambia nifumbe macho.

Karakana imepooza bila wewe, sikufichi. Hakuna anayeimba vibaya kama wewe, na vijana wapya wananiita fundi bila hata kunibishia, haina raha. Lakini hata barakoa nzuri ikija, hiyo ni ya sisi ambao miili yetu haijagoma. Wako ulishagoma, na hilo bosi hajalisema hata mara moja kwenye simu zake zote. Ndilo linalonitia shaka kuliko barakoa.

Kwa hiyo nimeshamjibu: kaka haji. Akiutaka mkono wako, akutumie mbao huko Kondoa, uzirande na kuchonga miguu ya meza, resini tutamwaga sisi huku. Amesema atafikiria. Anafikiria au anajifanya, sijui, ila mimi sigusi ndoo mpaka vichujio nivione kwa macho yangu, na ameanza kunitazama vibaya.

Najua utanikasirikia kwa kukujibia. Kasirika, kaka, ila kasirikia huko huko. Ukiwa na ngozi yako na pumzi yako, tutagombana mpaka uzeeni.

Mdogo wako wa tumbo moja,
fundi bora Nkuhungu, anayebisha aje tushindane