Jino Nililolipa Jina Lako

Vene, uko wapi? Nimeaibika leo, na usianze kucheka.

Lile jino dogo kama punje ya ulezi nililolipata kwenye mchanga wa korongoni, la panya wa mitini aliyetoweka zamani? Si nimelitangaza mbele ya timu nzima ya wachimba visukuku hapa Iringa! Nimeonyesha mistari ya jino kwenye hadubini, nikasema hii spishi mpya. Na jina nimeipa lako: Veneranda.

Dokta Makame, mkuu wetu, akachungulia. Akachungulia tena.

"Zuena, meno yote ya kule korongoni ni meusi. Hili mbona jeupe? Na mzizi una nyama."

UNA NYAMA, Vene!! Una nyama!

"Mchanga uliuanika wapi?"

Nikasema kwenye ungo, nje ya stoo, chini ya paa.

"Na kwenye paa anaishi nani?"

Bundi. Wote tunamjua yule bundi. Anakula usiku, asubuhi anatapika mifupa. Kwenye ungo wangu!

Wamecheka mpaka mpishi akaja kuuliza kuna nini.

Dokta akanifariji eti mistari nimeisoma vizuri, ni panya wa mitini kweli.

Kwa hiyo shosti, hujatoweka. Juzi tu ulikuwa mzima kabisa, mpaka bundi wa stoo alipokutafuna.