Ombi la Choo, Soko la Keumbu

Jumatatu, 3 Machi 2025

Barua imefika! Kamati ya bunge la kaunti itasikiliza ombi letu sisi wauza ndizi: sheria kwamba kila soko liwe na choo. Miaka minne tumesukuma hii kitu. Miaka minne nakunywa chai nusu kikombe asubuhi ili nisibanwe sokoni. Halafu nikaona tarehe — Jumamosi, mjini Kisii. Nusu yetu ni Wasabato, na mimi ni mmoja wao. Nilitamani kulia.

Jumatano, 5 Machi

Mkutano ulikuwa moto. Loice alisema siku ya Sabato haendi hata abebwe. Wengine wakasema Mungu anaelewa mambo ya choo. Mimi katibu nikaandika ya kila mtu, ya kwangu sikuandika. Aibu. Tukienda nusu, waheshimiwa watasema hatuko siriasi, na ombi litalala kabatini kama lile la kwanza.

Mwenyekiti wetu Celestine, Mkatoliki wa damu, akasema hatutagawanywa na kalenda. Ataenda yeye kuomba siku nyingine.

Ijumaa, 7 Machi

Wamekubali Jumanne. Nikafurahi, nikakumbuka — Jumanne ni siku ya soko. Nani ataacha ndizi ziive barabarani? Kumbe Celestine alishaliona. Kamati inakuja huku Keumbu, itusikilize tukiuza. Sabato imetuletea bunge sokoni. Nimeshusha pumzi, leo nitalala.

Jumanne, 11 Machi

Wamekuja watano, tukawaketisha chini ya turubai. Sisi tulikuwa zaidi ya mia mbili, Wasabato na Wakatoliki bega kwa bega. Loice aliongea vizuri mpaka nikasahau kuandika. Moyo mwepesi.

Chai ya maziwa tuliwapa vikombe vitatu vitatu. Mgeni hapa hapewi kimoja.

Saa sita mwenyekiti wa kamati akaniinamia sikioni. Choo kiko wapi? Nikamwelekeza kwa Celestine. Celestine akasema kwa heshima, kama kwa baba yake, "Tata, nifuate," wakavuka barabara kuelekea migomba ya jirani wa soko, Omosa, tunakoendaga sisi. Omosa hataki tuingie kule. Ana mbwa wawili.

Ni dakika ishirini sasa. Mbwa wanabweka. Wale wanne waliobaki wameacha kutuuliza maswali, wanatazama upande ule tu, na mmoja amekunja miguu.