Cherehani Niliyoiacha Hewani

Mshauri, naomba msaada, nimekuja kwako kwa kuwa kwa mwenyewe niliyemkosea nashindwa kwenda. Mimi ni mtangazaji wa kipindi cha afya redioni, kazi yangu ni kueleza magonjwa kupitia familia zinazoishi nayo, na mwezi uliopita nilimwomba fundi wangu wa nguo, mjane tunayemwita Mama Cherehani, asimulie kifua kikuu chake, akakataa, nikarudi, nikamwambia mficha maradhi kifo humuumbua, akacheka akasema, "Haya mwanangu, ila jina langu lisisikike." Jina halikusikika, sauti yake niliibadilisha hadi ikawa nzito kama ya mwanamume, lakini chini ya maneno nikaacha mlio wa cherehani yake, kile kikanyagio kinacholia kwii kila akikikanyaga, maana tunafundishwa kwamba msikilizaji lazima aingie chumbani, na kweli waliingia, mtaa mzima, kwani nani hajakaa kwenye lile benchi akisubiri pindo huku akiisikia kwii hiyo?

Nilisema wazi hewani kwamba ametumia dawa miezi mitatu, amepimwa na haambukizi. Hilo hawakulisikia. Wateja walikuja mmoja mmoja kuchukua vitambaa, hata ambavyo havijakatwa, na sasa binti yake amenipigia, "Kaka, mama ana siku tano hajaenda kuchukua dawa. Anasema pale dirisha la dawa watamgeukia wote." Bosi ananisifu na Jumamosi anataka kukirudia kipindi hicho, mke wangu anasema nikienda nitatonesha kidonda, na kuna jambo hata yeye hajui: nilikuwa na suruali yangu pale, nikamtuma mtu akaichukue bila pindo, si kwa kuogopa ugonjwa, naapa, niliona aibu kumtazama mama wa watu. Je, niende, au nimwache apumzike, asinione tena?

Mtangazaji mwenye majuto

*

Ndugu mtangazaji,

Naamini hukukusudia, na majuto yako nimeyaona. Lakini barua nzima unatafuta dawa ya roho yako, ilhali aliyekosa dawa ni yeye. Siku tano ni nyingi kwa ugonjwa huo, na wewe ndiye unayewahubiria watu hivyo kila wiki.

Leo hii nenda kwa muuguzi wa kliniki, sema kosa ni lako, mwombe amfuate mama nyumbani, amrudishe kwenye dawa na ampime upya. Ukitoka hapo, kazuie hicho kipindi cha Jumamosi. Bosi akinuna, anune, uso ni wake. Na usije ukaomba radhi hewani, nakujua, tayari unawaza utaanza na mlio gani.

Kuhusu suruali umeniudhi. Aibu yako yeye angeijuaje? Alichokiona ni kwamba hata aliyetangaza kuwa haambukizi ameondoa nguo yake kama wenzake. Hilo nadhani lilimuuma kuliko vitambaa vyote.

Muuguzi akishakuambia mama yuko salama, suruali irudishe mwenyewe, mchana, mkononi, bila mfuko. Sema, "Mama, nilikukosea, nisamehe," kisha nyamaza. Akikufukuza, ondoka, una haki ya kufukuzwa. Asipokufukuza, kaa kwenye benchi, mlango uwe wazi, hadi pindo liishe. Mtaa ukisikia kwii na kuchungulia, wakukute wewe ndiye unayesubiri.