Mabaka ya Elieza

Jumapili, 1 Juni 2025

Wameamua. Jumamosi ya tarehe 28 tunamzika mume wangu. Bila mume wangu!

Nimetoka Akheri kwa wakwe sasa hivi. Kikao cha ukoo, viti vya plastiki, baridi ya kukata masikio, mlima umejifunika tangu asubuhi. Brayson, mdogo wake Elieza, ndiye aliyeongea zaidi. Huwa ndiye anayeongea zaidi. Jeshi limeshasema, shemeji. Helikopta ilianguka kwenye kinamasi huko walikotumwa, wenzake wamepatikana, yeye hakupatikana, na tangu Septemba mpaka leo tunamngoja nani? Nilitaka kumjibu kwamba anayengoja ni mimi, yeye aendelee na shughuli zake Njiro. Lakini wazee walikuwepo.

Basi litachongwa jeneza. Ndani kitalazwa kipande cha mgomba kimefungwa shuka, kama ukoo wao ulivyomfanyia babu yao mmoja aliyepotelea vitani. Na juu ya mgomba kiwekwe kitu kilichotoka mikononi mwake. Mama mkwe akasema: ile helikopta yake.

Ile helikopta! Ya plastiki, ndefu kutoka kiwiko changu mpaka ncha za vidole, mfano wa zile alizokuwa akizitengeneza kazini. Aliiunga likizo yake ya mwisho, kipande kwa kipande, mezani kwenye chumba cha nyuma hapa nyumbani Kimandolu. Akaipaka yote rangi ya chini, kijivu. Akaanza mabaka ya kijeshi, kijani na kahawia — mkiani, na kidogo ubavu wa kushoto. Likizo ikaisha.

Mama akasema haiwezi kuzikwa hivyo. Kazi ikizikwa nusu, mwenyewe hatulii. Atakuwa anairudia mpaka iishe. Hedwiga aimalize, yeye anapaka rangi meno bandia ya watu, hiyo itamshinda nini?

Wote wakanigeukia. Nikasema sawa. Tulipofika Tengeru, ndani ya gari la Brayson, ndipo yale maneno yaliponiingia vizuri. Atakuwa anairudia mpaka iishe.

Basi mimi siimalizi.

Jumatatu, 2 Juni

Mama amehamia kwangu mpaka siku ya maziko, ili nisibaki peke yangu. Ameleta ndizi, maharage na maziwa ya mgando. Macho yake yamechoka, nimemsomea hata maandishi ya pakiti ya majani ya chai. Chumba cha nyuma hataki kukichungulia. Akipita mlangoni anaangalia ukuta wa upande wa pili.

Ameuliza, umeanza? Nimeanza, Mama, ila kwa baridi hii rangi haikauki. Sijafungua hata kifuniko. Nimekuwa mwongo mzuri.

Jumamosi, 7 Juni

Idi. Rukaiya ameleta pilau mpaka mlangoni. Tunachonga meno bandia meza moja mwaka wa nne sasa, na hajawahi kunisahau sikukuu. Mama amekula, akasifia, akaongeza.

Baada ya vyombo nimeingia chumba cha nyuma kufuta vumbi.

Kuna baka jipya.

Ubavu wa kushoto wa helikopta, nyuma ya mlango wake. Kijani. Juzi halikuwepo! Nimeligusa kwa ukucha, kwa juu limekauka. Nimekaa sakafuni na kitambaa changu cha vumbi mkononi, sijui kwa muda gani, mpaka Mama akaniita kutoka jikoni akauliza kama nimelala.

Jumapili, 8 Juni

Nimekosa ibada. Nimelitazama lile baka kwa miwani ya kazi, ile ya kukuza.

Ni mkono wa Elieza. Naapa. Kila fundi ana mkono wake. Niwekee magego kumi mezani, nitakuonyesha la Rukaiya bila kuuliza. Elieza anatumia kushoto. Brashi yake huingilia kulia, hutokea kushoto, na inapoinuka huacha kijimkia chembamba. Kijimkia kipo.

Sikuogopa. Hilo ndilo linaloniogopesha.

Alhamisi, 12 Juni

Baka jingine. Kahawia, limepita chini ya dirisha la rubani.

Nimeshindwa kukaa nalo, nimemwambia Rukaiya. Ameweka patasi chini akanitazama. Dada Hedwiga, kama ni mzimu na anajua kupaka hivyo, mwambie akimaliza aje kwangu Unga Limited, geti langu lina kutu. Nimecheka mpaka machozi, halafu yakawa machozi ya kweli. Naye akaacha utani. Funga kile chumba, akasema. Funga na ufunguo umpe mtu mwingine.

Sifungi. Jioni nimemwekea brashi safi na thina ya kusafishia. Mlango nimeuacha wazi.

Jumamosi, 14 Juni

Sokoni Kilombero nimemfuata mwanajeshi. Mtu mzima mimi, na kapu la nyanya! Mgongo ulikuwa wa Elieza, na kukunja mikono ya kombati kulikuwa kwake. Aligeuka kwenye mafungu ya vitunguu. Kijana tu, ana chunusi. Shikamoo mama, unatafuta nini? Nimesema vitunguu.

Elieza aliwahi kuniambia mabaka hayapakwi ili yapendeze. Kazi yake ni mtu akuangalie pale pale ulipo na asikuone. Tangu nirudi naangalia pembe za nyumba hii moja moja. Nyuma ya mlango wa jikoni. Kando ya kabati. Nikisema hayupo, nitajuaje?

Jumanne, 17 Juni

Mabaka mawili kwa mpigo! Nimeongea naye. Nimemwambia bomba la uani linavuja na mdogo wake bado anapenda vikao. Nimecheka peke yangu mle chumbani. Mama akauliza naongea na nani, nikasema simu.

Nina furaha. Naandika hapa kwa sababu hakuna wa kumwambia.

Jumatano, 18 Juni

Mjinga mimi.

Ubavu wa kushoto umejaa. Wa kulia umeanza. Akienda kwa kasi hii atamaliza kabla ya tarehe 28. Akimaliza — atarudi kufanya nini?

Alhamisi, 19 Juni

Kabla ya kwenda kazini nimefuta mabaka matatu. Pamba na thina, taratibu isije ikala plastiki. Na baridi hii rangi haijashika vizuri, imetoka kirahisi, kijivu kimebaki. Mkono ulikuwa umetulia kabisa.

Nisamehe, Elieza. Ni ili uwe na kazi.

Jumamosi, 21 Juni

Jana ameyarudisha mawili. Leo nimefuta tena, na la tatu juu yake.

Mama amebadilika. Hali chakula, lakini hana huzuni. Amekaa barazani na sweta langu, anaimba kitu cha Kimeru kwa sauti ya chini. Akaniuliza ghafla, Hedwiga, mtu akikataa kuzikwa, anakataaje? Nimesema sijui, Mama. Akatikisa kichwa kama mtu aliyejibiwa vizuri.

Mchana Brayson kapiga simu, anawaka. Shemeji, umemwambia nini Mama? Eti anataka tuahirishe! Turubai nimeshalipia, mchungaji nimeshamwambia, kaburi vijana wameshaanza kuchimba. Nimemwambia sijasema neno. Kwa mara ya kwanza mwezi huu ilikuwa kweli, na hakuniamini.

Jumatatu, 23 Juni

Nianzie wapi.

Umeme ulikatika kazini, tanuru la kuchomea meno likazima, tukaruhusiwa mapema. Nimefika nyumbani saa nane mchana. Sebuleni hakuna mtu. Harufu ya rangi. Nimevua viatu. Nilikuwa natabasamu!

Mama alikuwa amekaa kwenye kiti cha Elieza. Uso ameusogeza karibu kabisa na plastiki. Brashi iko mkono wa kushoto.

Wa kushoto. Mwaka mzima wa uchumba na miaka yote ya ndoa sijawahi kuuona mkono huo ukifanya kazi. Anakula kwa kulia, anasaini kwa kulia. Ameniambia baadaye kwamba shuleni walimchapa mpaka akahamia kulia, lakini kazi za peke yake bado ni kushoto. Ndiye aliyemfundisha Elieza kupaka chokaa ukuta wa jiko alipokuwa mdogo. Brashi inaingilia kulia, inatokea kushoto.

Nimepiga kelele. Nimemwita mwizi. Mama mkwe wangu, nimemwita mwizi.

Hakusimama. Aliweka brashi chini, akasema alijua tangu siku ya kwanza kwamba ninamdanganya, kifuniko cha rangi kilikuwa na vumbi. Hakutaka kunitia aibu mbele ya ukoo. Akaona aimalize yeye nikiwa kazini, hata kwa macho yake haya ataweza, baka si herufi. Kwa sababu Elieza anakuja. Kule Akheri, asubuhi, mpakani mwa migomba. Haombi chakula. Anasimama akiitazama mikono yake. Mama hawezi kuendelea kumwona hivyo, anataka apumzike.

Nikasema: Anakuja kwako?

Hilo ndilo lililonitoka. Si pole, Mama. Anakuja kwako? Miezi yote hii nimekaa kwenye nyumba hii kama kiti, nimeacha mlango wazi, nimemsafishia brashi, na yeye anakwenda Akheri! Nimeona wivu. Naandika kwa sababu ni kweli. Nimemwonea wivu mwanamke mzee kwa mtoto wake aliyekufa.

Ndipo nikamwambia ukweli wangu nami, kwa hasira, ili umuume. Nikamwambia mimi ndiye nilikuwa nafuta.

Sikujua nafanya nini. Uso wake uliporomoka. Akauliza polepole, yale mabaka? Wewe?

Mimi, Mama. Kwa pamba.

Akaegemea kiti. Akasema, nilidhani ni yeye anakataa. Nilipaka, nikakuta yametoweka. Nikapaka tena, yakatoweka. Nikasema mwanangu anakataa kuzikwa. Nikasema, basi yu hai.

Tumekaa mle ndani mpaka giza likaanza. Yeye alikuwa ananiona mimi akadhani ni Elieza. Mimi nilimwona yeye nikadhani ni Elieza. Sasa hivi nyumba ina wanawake wawili tu, na bomba linalovuja.

Jumatano, 25 Juni

Brayson amekataa kuahirisha. Ana haki, sina hata nguvu ya kumchukia.

Leo sikwenda kazini. Mama amekuja mwenyewe chumba cha nyuma na vikombe viwili vya chai. Akasema, shika ubavu wa kulia, mimi mkia na juu. Tumepaka. Akaanza kunisimulia Elieza alivyofungua redio ya baba yake ili amtoe mtangazaji ndani, nami nikamsimulia alivyovaa viatu viwili tofauti siku ya kunitolea posa. Mama hakuwa analijua hilo. Alicheka mpaka akaweka brashi chini.

Nilimwomba msamaha kwa lile neno. Akasema, lipi? Ni Mama huyu, anajua kunisamehe bila kunipa nafasi.

Mapangaboi nimeyapaka meusi. Amesema ndivyo yalivyo.

Ijumaa, 27 Juni

Tumepanda Akheri. Helikopta nimeipakata njia nzima. Imeisha, isipokuwa chini ya tumbo — doa la kijivu, dogo, kama kifungo cha koti. Mimi nilidhani Mama atalipaka. Mama alidhani mimi. Hakuna aliyemuuliza mwenzake.

Kaburi liko kati ya kahawa na migomba. Wamelichimba vizuri.

Jumamosi, 28 Juni

Chumbani kwa Mama. Nje wameanza nyimbo. Wanawake wamejaa jikoni, turubai limetuna kwa ukungu wa usiku. Brayson amebisha akasema mchungaji amefika, leteni kitu chenyewe tukiweke. Sauti yake imepasuka mwishoni. Sikujua kama naye analia.

Mama amefunga mlango. Ameipindua helikopta mapajani, tumbo juu, akaniambia nipake mimi, mke ndiye anayefunga. Nimechovya brashi. Nimeshindwa. Nimesema wewe ndiye uliyemleta duniani, Mama, wewe ndiye uliyetaka apumzike. Akanitazama sana. Akaichukua, mkono wa kushoto, akasema geuka, usiniangalie.

Ndiyo maana naandika. Nimekipa mgongo kitanda alichokalia, daftari gotini.

Wimbo umeisha, wameanza mwingine. Simsikii akisogea. Nasikia anavyopumua tu.

Brayson amebisha tena. Mama! Shemeji! Watu wanasubiri.

Nimegeuka. Brashi iko hewani pale pale. Kijani kimedondokea kanga yake. Doa bado ni la kijivu. Hajalia, macho makavu, anatazama dirisha linaloangalia migomba, na midomo yake inachezacheza.

Hedwiga, amesema, kwa sauti ndogo ili wa nje wasisikie. Ile dawa uliyokuwa unafutia mabaka, umekuja nayo?

Nimekuja nayo.