Kaka Yako Ametolewa Kwenye Kesi

Nyumbani,
Jumapili mchana.

Mpendwa wifi yangu,

Hujambo wewe? Shemeji naye? Kile kikohozi cha mwanao kimekwisha, au bado kinawakesha? Sisi huku tu wazima. Mama yako goti linamsumbua, ila mdomo wake hauna ugonjwa wowote.

Habari yenyewe ndiyo hii: kaka yako ametolewa kwenye kesi. Jaji alisema yeye ni dereva tu wa gari la polisi, hakuamuru kitu wala hakumgusa mtu, na kwa upande wake hiyo ni hukumu ya mwisho, hakuna wa kumrudisha. Nililia pale pale kwenye benchi, machozi na kamasi, wala sikuona haya.

Mama yako alisikia nusu, akautangazia mtaa mzima kwamba kesi imeisha. Majirani wakamiminika na hongera zao. Imeisha wapi, wifi? Mkuu wa kituo na askari wake wawili bado wanadaiwa fidia mahakamani. Na yule fundi cherehani bado ana jicho moja. Si nilikuandikia? Walimkamata kwa kusimama mkutanoni na kuuliza kwa nini mtaa wetu hauna maji. Alipanda gari la kaka yako akiwa na macho yake mawili.

Sasa wakili wa fundi anamtaka kaka yako awe shahidi. Walipokuwa wanadaiwa pamoja, wakili wa kituo aliwasemea wote, na kaka yako akafyata ulimi. Leo hana kesi, na kioo cha dereva kinaonyesha yanayotendeka nyuma ya gari.

Wenzake wanalijua hilo. Ijumaa walikuja wale askari wawili na kreti ya soda, wakakaa sebuleni wakicheka mno. Wakati wa kuaga mmoja akaniambia, "Shemeji, mzee kaponea chupuchupu. Mwambie asichokoe nyuki." Soda ziko pale pale mlangoni, watoto nimewakataza kuzigusa.

Naogopa, wifi, nisikufiche. Gari likipunguza mwendo hapo nje, nachungulia pazia. Kazi ni ile ile, wakubwa ni wale wale, na hata nyumba hii ni ya kazi. Mtu umevuliwa kitanzi, unakirudia cha nini?

Ningekuomba umkataze, maana wewe dada yake anakusikiliza. Lakini siku ile ya hukumu mama yake fundi alinifuata koridoni. Nikajua, haya, leo natukanwa. Akanishika mkono akasema, "Hongera, mwanangu. Sasa mumeo anaweza kusema." Hakuwa na kejeli hata chembe. Afadhali angenitukana!

Anatakiwa mahakamani kesho. Leo amepiga pasi shati lake mwenyewe, yeye asiyejua pasi inashikwa wapi, akaishia kuunguza kola. Kila nikipita ananitazama, anangoja neno langu.

Msalimie shemeji, na umbusu mgonjwa wetu mdogo. Mama anasema upige simu, usijifanye mzungu. Mungu awafunike huko mliko, nasi atukumbuke.

Barua hii itakapokufika, atakuwa ameshasema au ameshanyamaza. Ameniita mara mbili kutoka jikoni, nami najifanya bado naandika. Namjua mume wangu: nikimwambia abaki, atabaki. Na nikifungua mdomo sasa hivi, wifi, nitamwambia abaki.

Ni mimi, wifi yako nikupendaye,
Mke wa kaka yako.