Kwako Baba, Uliyeondoa Jina Lako Gazetini

Baba, leo umetimia mwaka tangu moyo wako uliposimama pale mezani, miwani ikiwa bado usoni.

Wenzako gazetini walikuita Kobe, kwa jinsi ulivyohakiki kila neno mara tatu. Nyumbani ulikuwa mtu wa kupiga mluzi bafuni na kutuamsha kwa utani: "Amkeni, habari zimewapita!"

Kisha ukaanza kuchunguza dawa za hospitali zilizokuwa zikiibwa na kutolewa kwa mlango wa nyuma. Mtu asiyejitaja akampigia Mama simu: "Mwambie mumeo aandike mpira." Wiki iliyofuata ikaletwa picha ya Kitinda Mimba wetu akitoka shuleni. Siku hiyo hukupiga mluzi.

Mhariri akakuhamishia ukurasa wa michezo, nawe ukakubali, wewe usiyejua hata kuotea ni nini. Tukaacha kupita njia ile ile siku mbili mfululizo. Kitinda Mimba akaenda kuishi kwa Shangazi muhula mzima. Lakini uchunguzi hukuuacha: wauguzi waliokupa habari ulikutana nao sokoni, katikati ya watu, simu umeiacha nyumbani.

Mama alikuambia, "Baba watoto, acha. Tumechoka."

"Hata mimi nimechoka, mama. Niache nimalize hii tu."

Ukaimaliza kwa namna yako. Kila ulichokipata uliwagawia waandishi wa magazeti mengine manne, habari ikatoka kote siku moja, bila jina la mwandishi yeyote, asipatikane wa kuandamwa peke yake. Asubuhi ile uliisoma umesimama, ukalikunja gazeti, ukaenda kulala mchana kutwa.

Uliishi miezi mitano tu baada ya hapo. Presha ilikataa kushuka. Vitisho vilikuwa vimekoma, lakini mwili wako haukuwa umeambiwa.

Mwezi uliopita alikuja muuguzi mmoja tusiyemfahamu. Alisema wadi ya watoto sasa ina dawa, kisha akalia pale sebuleni. Sisi ndio tuliokuwa tukikuomba uache, Baba, tena si mara moja. Tusamehe.

Unakumbukwa na mkeo, wanao watatu, dada yako ambaye ni Shangazi yetu, na wenzako wa chumba cha habari. Haipiti siku bila wewe kutajwa humu ndani, na itakuwa hivyo maisha yetu yote.